Upatanisho Kabla ya Sadaka: Kuuongoza Usharika Mdogo Wakati wa Ugomvi na Upungufu

UTANGULIZI

Mchungaji anayehitimu masomo ya theolojia hutumwa mara nyingi katika usharika mdogo. Huko hukuta mitaa miwili au mitatu, jengo la kanisa ambalo halijakamilika, mwinjilisti ambaye hajapata posho yake kwa miezi kadhaa, na baraza la wazee ambalo akidi yake hupatikana kwa shida, kwa kuwa baadhi ya wazee wameapa kutoketi meza moja na wenzao. Kitabu cha mapato chaonyesha kwamba sadaka inashuka. Barua ya jimbo yakumbusha kwamba mgawo wa usharika haujapelekwa. Na kila mshiriki anayekuja kumkaribisha mchungaji mpya anayo habari yake ya kumweleza, akitaka kuwahi kabla mwingine hajaeleza ya kwake.

Aanzie wapi? Wengi huanza na fedha, kwa sababu upungufu wa fedha unahesabika, nao unauma upesi. Huhubiriwa mahubiri juu ya utoaji, hupangwa harambee, majina ya waliotoa na wasiotoa husomwa mbele ya watu. Ugomvi huachwa kwa matumaini kwamba utapoa wenyewe. Katika makala hii tunataka kuonyesha kwamba utaratibu huo umegeuzwa kichwa chini, na kwamba Maandiko pamoja na urithi wetu wa Kilutheri vinatufundisha utaratibu mwingine.

Katika Mt. 5:23-24 Bwana wetu anamwagiza mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka yake, naye akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza kupatana, kisha arudi kuitoa. Tumezoea kulihubiri neno hili kwa mtu mmoja mmoja, hasa kabla ya Meza ya Bwana. Sisi twaona kwamba ni kanuni ya kuuongoza usharika mzima pia. Upatanisho watangulia, sadaka yafuata. Lakini tuangalie vema: mtu yule hakuambiwa aichukue sadaka yake arudi nayo nyumbani. Sadaka yangoja madhabahuni. Kwa hiyo mchungaji anayeshughulikia upatanisho hajaiacha kazi ya kuutegemeza usharika; anaitengenezea njia.

1. KUUSOMA UPUNGUFU

Si kila upungufu wa sadaka ni tunda la ugomvi, na mchungaji asiyetofautisha sababu atatoa dawa ya ugonjwa mwingine. Twaweza kutaja sababu tatu zilizo za kawaida.

Ya kwanza ni umaskini. Mahali ambapo maisha ya washarika yanategemea zao moja, sadaka hupanda na kushuka pamoja na zao hilo. Mapatano ya kimataifa yaliyogawa viwango vya mauzo ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989, bei ya kahawa duniani ilianguka, na wakulima wa Kilimanjaro na Kagera wakaumia. Hakuna mahubiri juu ya utoaji ambayo yangeweza kuirudisha bei ile. Anayewakemea watu wa namna hiyo kwa ubahili anawaongezea mzigo waliolemewa.

Ya pili ni kuhama. Vijana huenda Dar es Salaam, Arusha au Mwanza. Majina yao hubaki katika rejista ya usharika, na bahasha zao hubaki kabatini mwa ofisi. Usharika huonekana kuwa na watu ambao kwa kweli hauna, kisha hulaumiwa kwa sababu ya sadaka ya watu hao.

Ya tatu ni ugomvi, na hii ndiyo inayojificha zaidi, kwa kuwa anayesusa haandiki barua. Ni nadra mtu kusimama akasema, "Sitoi kwa sababu ya jambo fulani." Mtu asiyepata nafasi ya kusema mkutanoni husema kwa kapu la sadaka.

Tunawezaje kuzitambua sababu hizi? Vitabu vya usharika vyenyewe vitatusaidia, vikisomwa kwa uvumilivu. Jambo la kwanza ni kulinganisha mwezi na mwezi ule ule wa mwaka uliotangulia, wala si na mwezi uliopita tu, kwa sababu katika nchi ya mazao miezi haifanani. La pili ni kuweka kitabu cha sadaka kando ya rejista ya mahudhurio na ya Meza ya Bwana. Mahudhurio yakishuka pamoja na sadaka, inawezekana watu wamehama. Mahudhurio yakibaki yale yale, nazo bahasha zikirudi zikiwa nyepesi, huenda ni umaskini. Na wakati wa umaskini mayai, ndizi na maharage huendelea kuletwa kwa mnada baada ya ibada, kwa kuwa watu hutoa walicho nacho. Lakini bahasha zisiporudi kabisa kutoka mtaa mmoja, na jambo hilo likaanza ghafula baada ya mkutano fulani au uamuzi fulani, hiyo ni sauti. Vivyo hivyo, watu wanapochangia misiba, harusi na safari ya kwaya kwa ukarimu, lakini kapu la Jumapili likarudi tupu, tatizo si mifuko yao.

Usomaji huu wa vitabu ufanywe kimya, na mchungaji asiutumie kumshitaki mtu. Anatafuta mahali palipo na jeraha ili ajue aanzie nyumba ipi.

2. KORINTHO: USHARIKA ULIOGOMBANA NA MTUMISHI WAKE

Katika Agano Jipya tunao usharika mmoja ambao habari zake za ugomvi na za fedha zimeandikwa pamoja kwa urefu kuliko mwingine wote. Ni usharika wa Korintho. Haukuwa mkubwa, katika Rum. 16:23 Gayo anatajwa kama mwenyeji wa kanisa lote. Hata hivyo ulikuwa na makundi yaliyojiita kwa majina ya watumishi, mashitaka mbele ya mahakama za watu wasioamini, na Meza ya Bwana ambayo mmoja aliiacha akiwa na njaa hali mwingine amelewa.

Tuyafuate mambo ya fedha. Katika 1 Kor. 16:1-4 Paulo anawaagiza waanze kuweka akiba kila siku ya kwanza ya juma kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Baadaye, katika 2 Kor. 8:10 na 9:2, tunajua kwamba walikuwa wameanza tangu mwaka uliotangulia, lakini kazi haikukamilika. Kulikuwa na nini katikati? Kulikuwa na ugomvi. Paulo aliwafikia kwa ziara ya huzuni, kisha akaandika barua kwa machozi mengi (2 Kor. 2:1-4). Tito akatumwa, na Paulo hakupata raha rohoni mpaka Tito aliporudi na habari kwamba Wakorintho wamehuzunika kwa kumpendelea Mungu na kwamba wanamtamani tena (7:5-16).

Mpangilio wa waraka huu wastahili kuangaliwa. Sura saba za kwanza zinaeleza habari za huzuni, faraja, msamaha na huduma ya upatanisho. Ni baada ya sura ya saba kumalizika kwa furaha ndipo Paulo anapofungua habari za mchango katika sura ya nane na ya tisa. Twajua kwamba wapo wataalamu wanaofikiri kuwa waraka huu umeunganishwa kutokana na barua zaidi ya moja, na sura nne za mwisho zaonyesha kwamba vita haikuwa imekwisha kabisa. Lakini hata wataalamu hao wasomapo sura ya saba na ya nane hawawezi kukana jambo lenyewe: mchango uliosimama kwa sababu ya ugomvi uliombwa tena baada ya kupatana.

Kuna mambo mengine mawili. Kwanza, Paulo mwenyewe alikuwa ametuhumiwa juu ya fedha. Alikataa kupokea riziki yake kutoka Korintho, na bado wakasema kwamba alikuwa mwerevu aliyewanasa kwa hila (2 Kor. 12:16-18). Asiyepokea hushukiwa, na apokeaye hushukiwa. Mchungaji asidhani kwamba unyofu wake wa moyoni watosha kumkinga. Pili, Paulo hakuishia kulalamika juu ya tuhuma hizo. Aliutengeneza utaratibu: alimtuma Tito pamoja na ndugu wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu juu ya karama ile, akijali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia (8:18-22).

Na mwisho wake ulikuwa nini? Katika Rum. 15:26 Paulo anaandika kwamba watu wa Makedonia na Akaya waliona vema kuwachangia maskini wa Yerusalemu. Korintho ilikuwa katika Akaya. Usharika uliogombana ulitoa.

3. MAHALI PA MCHUNGAJI KATIKA UGOMVI

Katika sharika nyingi riziki ya mchungaji inategemea sadaka, moja kwa moja au kwa njia ya jimbo na dayosisi. Maana yake ni kwamba mchungaji haingii katika ugomvi akiwa mtu wa pembeni. Ada za shule za watoto wake zimo ndani ya kapu lile lile. Jambo hili si dhambi, lakini lisipokubaliwa waziwazi huwa mtego: mchungaji huanza kuuegemea upande unaotoa, akidhani anauegemea upande wa kweli. Ni vema alijue jambo hili juu yake mwenyewe, na alizungumze na Mkuu wa Jimbo au na mchungaji mwenzake aliye mzee katika kazi.

Mtego wa pili ni mimbara. Msikilizaji wa mahubiri hana nafasi ya kujibu. Mchungaji anayewapiga watu kwa mafumbo kutoka mimbarani hupata ushindi wa Jumapili moja na maadui wa miaka mingi, kwa kuwa katika usharika mdogo hakuna fumbo. Kila mtu anajua anayesemwa. Masomo yaliyopangwa katika kalenda ya kanisa humlinda mhubiri na majaribu haya. Akiyafuata kwa uaminifu, Neno litasema na watu wote, naye akiwa mmojawapo.

Luther mwenyewe alipita katika njia hii. Alipokuwa mafichoni Wartburg, mji wa Wittenberg uliingia katika machafuko juu ya sanamu, misa na namna ya kupokea sakramenti. Alirudi Machi 1522, akahubiri mahubiri manane mfululizo kuanzia tarehe 9. Aliyakubali mengi ya yale yaliyotakiwa na wenye haraka, lakini alikataa yafanywe kwa kulazimisha, na akawataka walio na nguvu wawavumilie ndugu zao dhaifu. Utulivu ukarudi kwa Neno. Lakini Luther huyo huyo, mwanzoni mwa mwaka 1530, alichoshwa na ugumu wa watu wa Wittenberg hata akatangaza kwamba ataacha kuwahubiri, na kwa muda akahubiri kwa nadra. Tunayataja yote mawili kwa makusudi. Mchungaji kijana akichoka na kundi dogo lisilosikia, asidhani kwamba ameuacha wito wake. Wakubwa kuliko yeye walichoka.

Silaha tuliyopewa ni ndogo, nayo yatosha. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 28, linafundisha kwamba mamlaka ya watumishi wa Kanisa hutekelezwa kwa Neno, bila nguvu za kibinadamu. Na Katekisimo Ndogo, ikieleza amri ya nane, haituachi tukiwa tumejizuia na uongo tu. Inatutaka tumtetee jirani, tumseme vema na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Mchungaji anayesikiliza habari za ugomvi na awe mtu wa amri ya nane: kila anayesemwa vibaya mbele yake, naye hayupo, ampate mtetezi.

4. NJIA YA KUPATANISHA

Vyanzo vya ugomvi katika sharika zetu vinajulikana: ni mtaa upi uwe usharika wa kwanza kujitenga, kanisa jipya lijengwe kwenye kiwanja cha nani, kiti cha mzee wa kanisa kimekuwa urithi wa ukoo, kikundi cha maombi kinaona liturgia ni baridi, nao wazee wanaona kikundi kile ni dhehebu jingine, mchungaji aliyependwa amehamishwa na aliyekuja hapendwi bado. Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani tangu 1977 hadi 1984, katika kitabu chake cha mwaka 1974 alichunguza uhusiano wa Kanisa na ukoo, na jambo hilo halijazeeka. Mara nyingi ugomvi unaoletwa barazani kwa jina la ujenzi ulizaliwa katika mpaka wa shamba au katika mahari isiyokwisha.

Hatua ya kwanza ni kutembelea. Mchungaji aanze na walioacha kuja, wala asitaje sadaka. Akitaja sadaka katika ziara ya kwanza, ziara yote itafasiriwa kwa sadaka. Asikilize upande mmoja hata mwisho, kisha upande wa pili hata mwisho, bila kubeba maneno kutoka nyumba hii kwenda ile. Awasikilize wanawake kwa nafasi yao. Mara nyingi wao ndio wanaobeba mnada na usafi wa kanisa, hali sauti yao ni ndogo mahali maamuzi yanapofanywa. Aliyoyapokea katika maungamo ayafunge. Yaliyo ya hadhara ayaseme kama ya hadhara.

Hatua ya pili ni kufuata Mt. 18:15-17 kwa utaratibu wake: wawili peke yao, kisha mashahidi, kisha kanisa. Sisi tumezoea kuanzia mwisho, yaani mkutano mkuu, ambapo kila mmoja ana watu wake nyuma yake na hawezi kurudi nyuma bila aibu. Mwenye kukosana apewe mlango wa kutokea kwa heshima. Hekima ya wazee wetu ya kumtumia mshenga anayeaminiwa na pande zote mbili haipingani na Injili. Na mzee wa namna hiyo akipatikana, mchungaji afurahi kusimama nyuma yake.

Hatua ya tatu ni kuwakutanisha mbele ya Neno. Makala za Smalkalden za mwaka 1537, zikihesabu njia ambazo Injili hutujia, zinataja mahubiri, Ubatizo, Sakramenti ya Altare na funguo, kisha zinaongeza mazungumzo na faraja ya ndugu wao kwa wao. Mkutano wa kupatana si shughuli ya utawala tu. Kristo mwenyewe hutenda kazi ndani yake. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Afrika ya Mashariki uliwafundisha wengi kukiri makosa waziwazi na kuombana msamaha, na zawadi hiyo tusiipoteze. Lakini toba isilazimishwe mbele ya watu. Aliyelazimishwa kutubu huhesabu siku.

Hapa yafaa tutenganishe mambo. Kutofautiana juu ya kiwanja cha kanisa si dhambi. Kusingizia ni dhambi. Kuchukua fedha za sadaka ni dhambi na ni kosa la jinai pia. Ikithibitika kwamba mtunza hazina amekula fedha za usharika, mchungaji asiliite jambo hilo "kutoelewana", wala asiwasihi washarika wasahau kwa jina la upendo. Hesabu zikaguliwe, jimbo lijulishwe, fedha zirudishwe, na nidhamu ya Kanisa ifuatwe. Mtu huyo akitubu, arudishwe kundini kwa furaha na kukaribishwa katika Meza ya Bwana. Lakini funguo za kabati si sehemu ya ondoleo la dhambi. Anaweza kusamehewa kabisa asirudishiwe.

5. SANDUKU LENYE KUFULI NNE

Mwaka 1523 usharika wa mji wa Leisnig, katika Saksonia, ulijitungia utaratibu wa hazina ya pamoja, na Luther akauandikia dibaji. Fedha zote zilipaswa kuwekwa katika sanduku moja kwa ajili ya riziki ya wachungaji, shule, maskini, wagonjwa na matengenezo ya majengo. Walichaguliwa wasimamizi kumi kila mwaka: wawili kutoka kwa wakuu wenye ardhi, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka kwa raia wa mjini na watatu kutoka kwa wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne tofauti, na kila kundi lilikuwa na ufunguo wake. Halikuweza kufunguliwa bila wote kuwapo. Na mara tatu kwa mwaka watu wote walipaswa kukutanika kusomewa hesabu.

Tusidhani kwamba mpango huu ulienda bila matatizo. Baraza la mji lilikataa kuzikabidhi mali za kanisa kwa hazina hiyo, na Luther alilazimika kumwandikia mtawala wa nchi. Lakini wazo lenyewe ni la hekima kwa usharika wenye vidonda: wale wasioaminiana hawakuombwa kwanza waaminiane; walipewa kila mmoja ufunguo. Mitume walifanya jambo lililo karibu na hili katika Mdo. 6:1-6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, walichaguliwa watu saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Walionung'unika walikabidhiwa meza.

Katika usharika wetu kufuli nne zaweza kuwa hizi. Sadaka ihesabiwe kanisani mara baada ya ibada na watu wasiopungua watatu wa mitaa tofauti, nao watie sahihi. Fedha zipelekwe benki, na kutoa kuhitaji sahihi za watu wa pande zote mbili za ugomvi. Sadaka iliyotumwa kwa simu iingie katika namba ya usharika, isiingie katika simu ya mtu binafsi hata kama mtu huyo ni mchungaji, na iandikwe kitabuni siku ile ile. Taarifa isomwe kanisani na kubandikwa mlangoni: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, deni. Mwenye shaka asome mwenyewe.

Mara nyingi washarika huanza kutoa tena katika hatua hii, kabla ya kuombwa. Mchungaji asiharakishe kusifu. Aendelee kusoma taarifa.

6. KUKUBALI UDOGO

Hata hivyo, upatanisho uliofanywa vema hauahidi kwamba wote watarudi au kwamba mapato yatakuwa kama zamani. Wengine wamekwisha kujiunga na makanisa mengine. Bei ya zao haikupanda. Hapo usharika hauna budi kukata nguo kwa kadiri ya kitambaa, na jambo hilo litendwe na mkutano wa usharika kwa macho wazi, wala lisiachwe litokee lenyewe. Posho ya mwinjilisti itangulie rangi ya ukuta. Ujenzi usimame kwa uamuzi, ukiwa na tarehe ya kuufikiria tena. Jimbo lielezwe ukweli kwa maandishi kabla mgawo haujachelewa. Barua inayotangulia deni huheshimiwa kuliko ile inayolifuata. Na mahali ambapo mchungaji mmoja atawahudumia washarika wa sharika mbili, watu waandaliwe mapema, wasije wakadhani wameadhibiwa.

Kifungu cha 7 cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 kinasema Kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili inafundishwa kwa usafi na Sakramenti zinatolewa ipasavyo, na kwamba hayo yatosha kwa umoja wa kweli. Hakuna hesabu ya watu katika kifungu hicho, wala ya mabati.

Historia yetu yathibitisha jambo hili. Wamisionari wa Betheli, walioanza kazi Bukoba mwaka 1910, waliondoka mwaka 1916 wakati wa vita. Kundi dogo la Wakristo lilibaki bila wachungaji na bila fedha kutoka Ulaya. Katika miaka ya 1920 walikuja wamisionari wa Kimethodisti, na Wakristo wakagawanyika: wengine wakawafuata, na wengine, wakiongozwa na akina Andrea Kajerero, wakashikamana na urithi waliofundishwa kwanza. Palikuwa na upungufu na palikuwa na ugomvi, vyote pamoja, na si vyote vilivyotendeka vilikuwa vya upole. Lakini Neno liliendelea kufundishwa na Waafrika wenyewe, na kutoka katika kundi hilo limekua Kanisa ambalo leo lina dayosisi zake na maaskofu wake.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba sadaka inayoshuka ni habari inayopaswa kusomwa. Kwamba ugomvi ukiwa ndio sababu, upatanisho watangulia ombi la fedha, kama Paulo alivyofanya kwa Wakorintho. Kwamba mchungaji huingia katika kazi hiyo akiwa na Neno tu, akijua kwamba yeye mwenyewe ana hisa katika kapu. Na kwamba uwazi wa hesabu ni sehemu ya upatanisho wenyewe.

Wanafunzi wetu wa theolojia hujifunza kwa bidii kuandaa mahubiri. Yawapasa pia kujifunza kusoma kitabu cha mapato, kuendesha kikao cha watu waliokasirikiana, na kuketi katika nyumba ya mtu aliyesusa bila kuharakisha kuondoka. Usharika mdogo utawadai haya yote katika mwaka wa kwanza. Bwana aliyeiacha sadaka ingoje madhabahuni ndiye anayewatuma waende kwanza kwa ndugu. Nao waende, wakijua kwamba madhabahu ni yake na sadaka ni yake.